Nani Aliuona Mto Mvumo?

Waliofika Chanzoni ni wachache, na kila mmoja ana njia yake anayoitaja. Njia tuwaachie wenyewe. Sisi tushike yaliyomkuta Sikudhani Mlawa alipokuwa huko.

Sikudhani alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni, binti wa bonde la mpunga, mwenye mwendo wa haraka na mwandiko wa haraka zaidi. Kazi yake ya utafiti ilihusu mafuriko, kwa kuwa alizaliwa yanakopita. Aliiandika kwa kurukaruka: hapa aya ameikwapua mtandaoni, pale amesikia kwa mwenzake wa bwenini, kule ameotea tu. Msimamizi wake aliisoma mpaka katikati, akamrudishia bila hasira. "Nusu ya haya si yako," alisema, "na nusu nyingine hujui ni ya nani." Akampa muda wa kuanza upya. Akishindwa, wenzake wangevaa majoho ya mahafali, yeye akiwapigia makofi.

Ni katika hali hiyo ndipo alipojikuta kwenye lango la Chanzoni.

Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba katika nchi ile maneno yana wenyewe. Mtu akitaka kulisema neno la mwenzake, ruhusa anayo, wala halipi kitu; ila sharti afunge uzi mkononi, na kwenye uzi kining'inie kijiti kilichochongwa jina la mwenye neno na mahali neno lilipopatikana. Kwa hiyo ukizungumza na Mchanzoni hutazami uso tu, unatazama na mikono. Wasemao machache walikuwa na nyuzi mbili tatu kama vikuku. Wasomi walikuwa nazo mpaka viwikoni.

Mlinzi wa lango alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimwuliza habari za safari.

"Nzuri, baba. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nimechelewa," Sikudhani alijibu kwa mzaha.

Mlinzi akautazama mkono wake mtupu. "Hilo la baraka ni lako?"

"Ni la watu wote."

"Watu wote ni nani?"

"Ni... kila mtu analijua, baba."

Mlinzi alifikiri kwa uzito kama kadhi, kisha akakubali kwa kichwa. "Lijulikanalo na kila mtu halihitaji uzi. Pita. Ila ukiwa ndani, binti, usidhani kila unalolijua wewe linajulikana na kila mtu."

Sokoni aliiona adhabu ya nchi ile. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya nzuri, nyekundu, na hakuna mnunuzi. Sikudhani alimwuliza bei, akaonyesha vidole. Alimwuliza zimetoka shamba gani. Akafungua kinywa, akakifunga, machozi yakamlengalenga. Muuza vitunguu wa pembeni, mama mwenye meno ya dhahabu, ndiye aliyeeleza.

"Alikamatwa na maneno ya mtu bila uzi. Hotuba nzima ya harusi, mwanangu! Na mwenye hotuba alikuwa miongoni mwa waalikwa, anakula pilau."

"Kwa hiyo wamemkataza kusema?"

"La hasha! Ameamriwa aseme maneno yake mwenyewe tu mpaka mavuno." Mama akashusha pumzi. "Anayatafuta mpaka leo."

Sikudhani hakucheka. Alimtazama yule bwana akiyapanga upya mafungu yake, akajiuliza: kama hukumu ile ingemwangukia yeye, angeuza nini?

*

Nyumba ya Maandiko ya Chanzoni si nyumba, ni mlima. Mababu wa nchi ile waliuchimba ndani kwa ndani, kizazi baada ya kizazi, wakaacha ganda la jawe jeupe na ndani yake uwazi mkubwa kiasi kwamba ndege walikuwa na makundi yao huko juu na hawakuhitaji kutoka. Rafu zilizunguka kuta kama matuta ya mlimani, tuta juu ya tuta, mpaka macho yakachoka kupanda. Jua liliingia kwa tundu la kileleni, likapokelewa na sahani za shaba, sahani ikairushia sahani nyingine mwanga, hata kijitabu kilicholala shimoni kabisa kilikuwa na mwale wake. Na palikuwa na sauti. Sikudhani alidhani ni mvua, akainua kiganja. Haikuwa mvua, ni kurasa zilizokuwa zikifunuliwa na maelfu ya wasomaji kwa wakati mmoja.

 Alikuwa amezoea kudhani kwamba yaliyokwisha kuandikwa duniani ni mengi, lakini wingi huo ulikuwa neno tu kwake. Sasa aliusikia ukipumua.

"Kaa chini kidogo," alisema mwanamke mmoja nyuma yake. "Kila mgeni hukaa. Asiyekaa huwa hajaona."

Huyo ndiye Bi Tabaini, Mtunza Nyumba, mama mrefu wa makamo, funguo kiunoni, kanga begani. Sikudhani alimwamkia, akaitikiwa, akaelezwa sheria: mgeni ana haki ya swali moja, na Nyumba haina haki ya kumwacha bila jibu.

"Nataka kujua kuhusu maji, bibi."

 Bi Tabaini alipiga kengele. Wapagazi wakaanza kushuka kwenye matuta na vikapu vya vitabu: vitabu vya mvua, vya visima, vya machozi, vya jasho la punda, vya mchuzi, vya kutawadha, vya maji yanayoingia masikioni mwa waogeleaji. Vilirundikwa mbele ya Sikudhani hata akawa hamwoni tena mwenyeji wake.

"Basi, bibi! Inatosha!"

"Bado," ilijibu sauti upande wa pili wa rundo. "Hilo ni tuta la kwanza. Maji yapi, mwanangu?"

"Ya mto."

"Ya mto yakifanya nini?"

"Yakifurika."

"Yakimfurikia nani?"

"Watu waishio bondeni."

"Na juu ya watu hao unataka kujua nini?"

 Katika miezi yote aliyoandika, Sikudhani hakuwahi kujiuliza hilo. Mbele yake wapagazi walikuwa wakirudisha vikapu juu, na kwa kila jibu alilotoa rundo lilipungua, hata akauona tena uso wa Bi Tabaini ukimtazama kwa subira.

"Nataka kujua kama mtu anaweza kutambua mapema," alisema polepole, "kwamba mto utamfikia mlangoni."

Mezani vilibaki vitabu vinavyokumbatika. Lakini Bi Tabaini hakuvitazama. Alikuwa amekunja kanga yake mkononi.

"Umekuja na swali ambalo mji huu umelikalia juma zima," alisema. "Huko juu kumenyesha. Mto wetu, Mvumo, umekuwa na rangi ya chai. Watu wa mtaa wa Bondeni wamemwuliza Liwali: tukae au tuhamie kilimani? Leo baraza linatoa jibu." Akasita. "Binti yangu Nuhaila anakaa Bondeni. Amejifungua juzijuzi, mtoto hata jina hajapewa. Twende ukasikilize."

*

Baraza la Chanzoni huketi kwenye uwanja ulio wazi mbele ya mlima. Liwali alikuwa mzee mkavu, msikivu, ambaye kwa desturi ya nchi haruhusiwi kuwa na rai. Kazi yake ni kuhesabu nyuzi na kuupa haki upande wenye nyingi.

Kisha akaletwa Mwadhama Nukulu, mwanazuoni mkuu. Aliletwa, hakuja. Watu wanne walimbeba kwenye kiti, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimepita viwiko, zikapita mabega, zikawa joho, na joho likawa na mkia uliobebwa na watu wengine nyuma. Vijiti vilivyoning'inia humo vililia kama njuga. Uwanja mzima ulisimama. Sikudhani pia alisimama, na hakujilazimisha: palikuwa na fahari ya kweli katika mzee yule, uso wa mtu aliyeutumia umri wake wote kuwaheshimu waliomtangulia.

"Mto Mvumo," alisema Mwadhama kwa sauti iliyofika mbali bila kupandishwa, "haujapata kulivuka Jiwe la Kobe, wala hautalivuka. Hivyo kasema mwenye kitabu chekundu." Akainua uzi. "Hivyo kathibitisha mwenye kitabu cha pembe." Akainua mwingine. Akaendelea, uzi juu ya uzi, majina makubwa, mengine watu wakiyasikia wanainamisha vichwa. Watu wa Bondeni, waliokuwa wamekaa mbele na mabegi yao tayari, walianza kulegea. Mama mmoja akafungua furushi, akatoa mwiko, akautazama kama anayejiuliza aliufungia nini. Jiwe la Kobe lilikuwa mbali chini ya nyumba zao. Kama mto haulivuki, hofu ya nini?

Liwali akainua fimbo ili ahukumu.

Sikudhani hakukusudia kusema. Lilimtoka tu. "Samahani, Mwadhama. Hao wote umewasoma?"

Vijiti vyote vikanyamaza. Mwadhama Nukulu alimgeukia, na katika macho yake hapakuwa na ghadhabu, palikuwa na mshangao wa mtu aliyeulizwa kama huwa anapumua.

"Nimewanukuu," alisema.

Bi Tabaini alisimama kando ya mgeni wake. "Bwana Liwali, kuna haki ya kale. Anayeutilia shaka uzi huruhusiwa kuufuata mpaka unapoishia, na hukumu humngoja."

"Haki hiyo haijatumika tangu ujana wa babu yangu," alisema Liwali.

"Haijafutwa."

Liwali aliutazama mto, akautazama mlima. "Fuateni. Lakini mimi ndiye ninayewangoja. Mvumo haujui haki zetu."

*

Wakaingia tena mlimani, wakaanza na kitabu chekundu. Kilikuwa kizuri, wino wake unameta. Kilisema kwamba mto haulivuki Jiwe la Kobe, na kwamba aliyeyajua hayo ni mwenye kitabu cha pembe. Wakapanda. Kitabu cha pembe kilisema vilevile, kwa maneno matamu zaidi, na shahidi wake alikuwa mwandishi wa tuta la juu zaidi. Wakapanda tena. Huko wakarudishwa chini, upande wa pili wa mlima, kwa mwandishi ambaye kitabu chake kilikuwa na vumbi lisiloguswa miaka mingi. Sikudhani alikuwa akitweta, lakini moyo ulikuwa umemchangamka. Kila alipofungua kitabu alidhani hiki ndicho, humu yumo mtu aliyesimama ukingoni akatazama.

Kitabu cha vumbi kilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mto, na mstari ule ulimtaja mwenye kitabu chekundu.

Walisimama wakitazamana. Bi Tabaini alikisoma tena, kwa kidole, herufi kwa herufi, kana kwamba huenda zikabadilika.

"Tumerudi tulikoanzia," alisema Sikudhani.

"Wote hawa." Bi Tabaini aliinua macho kwenye matuta yaliyopaa mpaka kwenye mwanga. "Wote hawa wameshikana mikono wakacheza duara, na katikati hakuna mtu."

Sikudhani aliogopa hapo, woga usio wa mtu wala mnyama. Ni ule woga wa kuinamia kisima ukasikia jiwe halifiki chini.

Walirudi kwenye rafu ya mafuriko, wakaipekua yote. Hapakuwa na jingine. Bi Tabaini akakaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza alionekana zaidi kama mama wa mtu kuliko mtunza kitu. "Nyumba haina zaidi," alisema.

"Bibi, tumetafuta neno gani?"

"Mafuriko. Na gharika, na ujazo wa mto."

"Hayo ni maneno ya wasomi. Kwetu bondeni bibi yangu hasemi mto umefurika. Husema mto umetembea." Akashuka ngazi mbilimbili. "Watu wa Bondeni walibembelezwa utotoni kwa lugha gani, bibi? Tutafute kwa lugha hiyo."

 Bi Tabaini akachagua ufunguo ambao Sikudhani hakuwa ameuona ukitumika.

Kwenye rafu ya nyimbo za kubembelezea watoto, ambako hakuna mwanazuoni aliyewahi kukanyaga, waliukuta mto ukitembea. Aliyezikusanya nyimbo zile alikuwa mkunga wa zamani, na mmoja ulikwenda hivi:

Lala mwanangu silie, mto umeshatembea,
Mlango haukubisha, paani umeingia.

Kwenye rafu ya vichekesho wakamkuta msafiri wa nchi kavu, asiyejua hata jina la Mvumo, akisimulia mji wenye mlima uliochimbwa ndani, ambako mbuzi alikutwa hai juu ya mti, na mwenye mbuzi akadaiwa ushuru wa ndege. Kwenye rafu ya mapishi, mwanamke wa karne nyingine alieleza jinsi ya kupika mbegu za mahindi zilizolowa, "kama tulivyofanya mto ulipotembea tukala darini." Sikudhani aliviweka vitabu vitatu kando kwa kando. Aliviangalia mara ya kwanza, ya pili. Mkunga, mcheshi, mpishi. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Hakuna aliyeweza kumjua mwenzake.

"Hawajashikana mikono hawa," alinong'ona. "Kila mmoja amesimama peke yake, na wote wameelekea upande mmoja."

"Bado ni maneno," alisema Bi Tabaini. "Twende tukatazame."

Bondeni walimkuta Nuhaila, msichana mwenye paji la uso kama la mama yake, amembeba mtoto mgongoni. Alisikiliza, hakuuliza mengi. Aliwapeleka kwenye ghala la mawe, jengo kongwe kuliko yote mtaani, ambalo hupakwa chokaa kila mwaka. Akachukua panga, akaanza kukwangua ukuta wa ndani. Chokaa ilianguka kwa matabaka, nyeupe, ya manjano, nyeupe tena. Kisha panga likatoa mlio mwingine.

Juu ya kizingiti cha mlango, juu ya kichwa cha Bi Tabaini aliyekuwa mrefu, palikuwa na mstari wa udongo wa mto, mgumu, ulionyooka kuzunguka ukuta wote, na ndani yake vimeganda vikonokono vidogo vya majini. Nuhaila alipanda kwenye gunia akakwangua juu zaidi. Palikuwa na mstari wa pili.

 Walisimama pale watatu na mtoto, chini ya maji ambayo hayakuwapo, wakitazama juu kama samaki. Sikudhani aliugusa mstari. Alihisi kwamba mto wenyewe ulikuwa umeandika, kwa mkono wake, ukangoja asomaye.

*

Waliporudi barazani mbingu ya upande wa juu ilikuwa nyeusi mchana kweupe. Sikudhani alisema yote: duara la vitabu, mkunga, mcheshi, mpishi, ukuta. Alisema pia wasichokijua, yaani mto ulitembea lini, na kama utatembea safari hii.

Mnong'ono ulipita. Karani wa baraza akasimama, mtu mwenye miwani safi. "Bwana Liwali, nyimbo za watoto hazina daraja la ushahidi. Na ukuta hauna mwandishi. Nifunge uzi wa nani? Wa konokono?"

Watu walicheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kubeba mizigo.

Sikudhani alimwona Bi Tabaini akisogea mbele. Alimwona akichukua kijiti kitupu na kisu cha kuchongea. "Yupo mwanazuoni," Bi Tabaini alianza, na macho yake yalikuwa kwa binti yake na kile kichwa kidogo mgongoni, "yupo mwanazuoni mmoja wa kale, jina lake—"

Sikudhani alimshika mkono. Aliubana kwa nguvu. "Usifanye, bibi," alisema chinichini. "Ukimzaa huyo leo, kesho atanukuliwa."

"Ni mjukuu wangu yule!"

"Najua."

Walibaki hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka Bi Tabaini akakiachia kijiti kikaanguka. Alikuwa akilia bila sauti. Sikudhani akamgeukia mtu pekee uwanjani ambaye neno lake lingeweza kuwainua watu wale, akamwendea mpaka kwenye kiti chake, akapiga goti kama apigavyo mtoto wa kwao mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, Mwadhama. Sitaki kukushinda. Nakuomba unisaidie. Katika hao wote uliowavaa, ni nani aliuona mto?"

Karani alitaka kumkemea, lakini Mwadhama Nukulu aliinua kidole. Akashika uzi wa kwanza, akasoma kijiti. Akauachia. Akashika wa pili. Watu walingoja. Aliendelea, bila haraka, kwa uaminifu wa mtu ambaye hajawahi maishani kujibu asichokitafuta, na kadiri vidole vyake vilivyoshuka kwenye joho ndivyo uso wake ulivyobadilika. Upepo ulianza kuvuma kutoka mtoni, una ubaridi na harufu ya majani yaliyooza. Alifika pindo la joho. Alilishika kwa mikono miwili.

"Sijui," alisema.

Katika uwanja ule mzima hapakuwa na mtu aliyetikisika. Karani, kwa mazoea, alinyoosha uzi ili afunge, akabaki ameushika hewani, kwa maana neno lile halikuwa la mtu mwingine. Wazee walisema baadaye kwamba hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Nukulu mwenyewe kusikika tangu utoto wake, na kwamba walisisimkwa mwili mzima.

"Nishusheni," alisema mzee. "Nipeni kisu."

Walidhani anataka kujidhuru, wakasita. Alikichukua mwenyewe kwa Bi Tabaini, akakata joho begani. Lilianguka kwa kishindo. Chini yake alikuwa mzee mwembamba katika kanzu ya kawaida, miguu yake myeupe kwa kutokanyaga ardhi. Akashuka kitini, akayumba, Sikudhani akampa bega.

"Nipeleke kwenye ukuta huo."

Na alipoanza kutembea kuelekea Bondeni, hatua za mtoto anayejifunza, uwanja mzima ulimfuata. Aliingia ghalani, akatazama juu.  Kisha akatoka, akamwambia Liwali, "Watu hawa wapande sasa hivi."

Liwali, ambaye haruhusiwi kuwa na rai, alitupa fimbo, akabeba godoro la mtu.

*

Mto ulitembea alasiri hiyo. Walikuwa wamekwisha kupanda, na kuku, na masufuria, na milango waliyoing'oa kwa kuwa ilikuwa ya mninga. Aliyebaki nyuma ni fahali mmoja aliyegoma, na mwenyewe alimlilia hadharani kama ndugu. Kutoka kilimani waliliona Jiwe la Kobe likimezwa bila hata kiwimbi cha kuliaga. Waliona maji yakiingia Bondeni kama mwenye mji, yakipita kila kichochoro, yakipanda, hata paa la ghala likabaki kama mtumbwi uliopinduliwa. Yalikuwa makubwa na hayakuwa na chuki na mtu. Sikudhani alizaliwa nayo, lakini hakuwahi kuyatazama hivyo, kutoka juu, akiwa amezungukwa na watu wote, wakiwa salama. Nuhaila alimpa mtoto ampakate, na wote wawili walitazama.

Maji yalipopungua na tope likaanza kupasuka kwa jua, watu walikusanyika jikoni pa pamoja kilimani, na watoto wa Bondeni wakamzunguka Mwadhama Nukulu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akimenya viazi, na kuvimenya vibaya sana.

"Babu, mto ulikujaje?" aliuliza mmojawao.

Mzee alifungua kinywa. Mkono wake ulijipapasa kifuani, pale nyuzi zilipokuwa, haukukuta kitu. Wakubwa wakaacha vijiko. Muuza nyanya wa sokoni, ambaye naye alikuwa amepanda kusaidia, alimtazama kwa macho ya anayeujua uchungu ule.

"Niliuona," alisema Nukulu, akasimama hapo, kana kwamba amekanyaga gogo na anataka kujua kama litamhimili. Lilimhimili. "Niliuona mimi. Ulikuja... kwanza ulikuja kwa harufu. Halafu ndege wakaacha kulia. Halafu nikaona ukingo wa maji, si mweupe kama nilivyodhani. Ulikuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe, na ulikuwa unasukuma majani mbele yake, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wake."

Akaendelea. Alikosea, akajirudi, akasema "hapana, hilo sikuliona, nimelisikia kwa Nuhaila," akaendelea tena, na watoto walikuwa wamekaribia mpaka magoti yao yakagusa mkeka.

Sikudhani alivuta karatasi. Aliandika jina la mzee kwanza, na mahali walipokaa. Kisha akaanza kuandika maneno yake.